Pampu ya maji ya nyumbani: ikilala wiki tatu, itaamka?

Mwezi uliopita Regideso, shirika la maji, ilitupatia maji wiki tatu mfululizo, jambo la nadra huku kwetu Kadutu, Bukavu. Pampu ikapumzika. Siku bomba lilipokauka nikaiwasha: mota inanguruma, maji hayapandi. Kabla sijaifikia plagi nikasikia harufu ya waya zinazoungua. Dola 40, miezi minne tu, imekwisha.

Nguvu na mita za kupandisha maji zimeandikwa kwenye kibao cha kila pampu, someni wenyewe. Mimi nataka tuongee juu ya kukwama, maana hakuna anayewaambia. Hizi pampu ndogo za nguvu ya nusu farasi zinapandisha maji kwa sababu impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imekaa karibu mno na ukuta wake, karibu kugusana. Maji yakilala humo siku nyingi, chuma kinashika kutu, kutu inajaza ile nafasi, impela inagandamana. Ukiwasha, mota inahangaika na kitu kisichosogea mpaka iungue. Umeme wa SNEL ukija mchovu, yaani wenye nguvu ndogo, kama tunavyoujua Bukavu, hata kutu kidogo inatosha.

Kwangu chaguo la kwanza ni Pedrollo PKm 60, na sifichi kwamba naipenda. Ni ya Italia, inapandisha maji hadi mita 40, kwa hiyo nyumba zetu za mlimani inaziweza. Lakini sababu yangu ni moja: nyuma ya impela wameweka kipande cha shaba ya njano, na impela yenyewe ni ya shaba hiyo hiyo, ili isikwame kirahisi. Mota nayo ina kinga ndani inayoizima ikipata joto kupita kiasi. Nimeilipia dola 95.

Ya pili ni DAB za aina ya Jet. Impela yake ni plastiki ngumu, haina kutu, tena inajivutia maji hata bomba likiwa na hewa. Inakula umeme zaidi.

Za bei rahisi: kama unapampu kila siku, sawa.

Halafu kuna pampu za mitumba kutoka Ulaya, zile za kuzungusha maji ya moto kati ya boila na radiata, za kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Msizinunue! Mkiona Grundfos imeandikwa UPS 25-60, hiyo 60 maana yake ni kupandisha maji mita 6 tu. Kwa kazi yake ni pampu nzuri sana, lakini ilitengenezwa kuzungusha maji ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kuyapandisha kwenye tanki la juu siyo kazi yake. Nazo hukwama zikilala majira yote ya joto, ila za zamani zina skrubu mbele ya kuzifungulia.

Kinachoniuma ni wauzaji. Wanapaka pampu za bandia rangi ile ile ya buluu ya Pedrollo, jina limebadilishwa herufi moja, wanakuapia ni orijino. Ukiomba waichomeke dakika moja: "Mama, ukifungua karatoni umeshanunua." Pesa ya kununua bila kuona tunaitoa wapi, na watoto wanadaiwa minervale, karo ya shule?

Mimi siku hizi naenda na bisibisi yangu. Nafungua kifuniko cha nyuma, nazungusha feni kwa kidole. Ikiwa nzito au inakwaruza, naiacha pale pale dukani. Na ya nyumbani naiwasha kila Jumamosi dakika mbili, hata Regideso ikitoa maji.