Mafunzo endelevu ya mawakili: ukumbini au mtandaoni?

UVIKO-19 ilipofunga kumbi mwaka 2020, mawakili wengi bado walidaiwa saa zao za mafunzo, yaani zile wanazolazimika kuzikamilisha. Baadhi ya majimbo ya Marekani yaliyokuwa yameweka ukomo wa saa za mtandaoni yaliulegeza kwa muda.

Mtandaoni nafuu iko wazi: hakuna nauli, wala huachi kazi siku nzima. Mada ngumu kama ya kodi unairudia mpaka ikuingie, mradi imerekodiwa. Tatizo ni umakini. Kamera imezimwa, wakili anasahihisha mkataba wa mteja huku mkufunzi akiongea peke yake. Ndiyo maana waandaaji wengine hutaja neno la siri katikati ya somo. Usipoliandika, saa hazihesabiwi. (Kulisikia neno, hata hivyo, si kulielewa somo.)

Ukumbini, faida kubwa haimo kwenye ratiba. Iko kwenye foleni ya chai, wakili mchanga anapomuuliza mkongwe, kwa sauti ya chini, namna ya kumhoji shahidi mkaidi. Swali hilo nani ataliandika mtandaoni mbele ya watu mia mbili?

Kwa sheria iliyotungwa juzi, ningechagua mtandao. Kwa mbinu za mahakamani, ningeenda ukumbini.