Shawa ya umeme ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Watu wengi wakitaka shawa ya umeme wanaanzia dukani, wanaangalia rangi, wanaangalia kama ina taa za kuwaka waka, wanauliza "hii inachemsha kweli?", muuzaji anasema ndiyo (we ulitegemea aseme nini), basi wanalipa na kuondoka. Sasa hapo ndo shida inapoanza, maana shawa ileile inayomwagia jirani maji ya moto safi kabisa inaweza kuja kwako ikatoa vuguvugu, au ikaangusha breka kila ukifungua maji, au koili (ule waya wa ndani unaochemsha maji) ikaungua ndani ya wiki. Kabla hujanunua chochote jua vitu vitatu: presha ya maji yako, chumvi ya maji yako, na waya uliopo mpaka bafuni.

Tuanze na hesabu kidogo, haiumi. Kilowati 1 inapandisha joto la maji yanayopita kwa lita 1 kwa dakika karibu nyuzi 14. Maji ya kuoga watu wengi wanayapenda kwenye nyuzi 38 mpaka 40 hivi. Kama maji yako ya bomba yana nyuzi 20, shawa ya kilowati 3.5 ikipitisha lita 3 kwa dakika inaongeza kama nyuzi 17 tu, unaishia 37, na lita 3 ni kamkondo kembamba kwelikweli. Ya 5.5 kwa lita hizohizo inaongeza nyuzi 26, unapata 46, kwahiyo unaweza kufungulia maji zaidi kidogo yakashuka mpaka unapopenda. Unakoishi kama kuna baridi kali na maji yanatoka na nyuzi 12, hapo 5.5 itakupa joto ila maji kidogo, angalia 7.5 kwenda juu. Ndo maana ukimwambia fundi "maji hayachemki vizuri" kitu cha kwanza anachofanya ni kupunguza maji kwenye valvu, hajatengeneza kitu, kapunguza lita tu.

Na hiyo namba ya kwenye boksi ni ya volti zilizoandikwa hapo. Umeme wako ukiwa unashuka, nguvu inashuka haraka kuliko unavyodhani: shawa ya 5.5 iliyotengenezwa kwa volti 240, ikipata 200 inabaki na kama kilowati 3.8. Kwahiyo kama jioni taa zako zinafifia, hata ubadilishe shawa tatu bado utaoga vuguvugu.

Haya, tuzipange sasa. Huu ni mpangilio wangu, wa nyumba ya kawaida yenye bafu moja au mawili.

Namba 1: boksi la ukutani linalochemsha papo hapo. Lile kama kaboksi kaplastiki lenye mpira na shawa ya kushika mkononi. Naliweka juu kwa sababu sehemu ya umeme imefungiwa ndani ya boksi mbali na mahali maji yanapomwagika, waya zinaingia kwenye vituo vyake vyenye skurubu, mengi yana swichi inayozima koili maji yasipotiririka na nyingine inayokata joto likizidi, na huo mpira unasaidia sana kuogesha watoto au mzee aliyekaa kwenye kiti. Tafuta lililoandikwa IPX4 au IPX5, maana yake limetengenezwa kuvumilia maji ya kurushiwa. Ubaya wake ni bei, na mafundi wengine wanaligonga ukutani bila kulisawazisha halafu maji yanaanza kuvujia ndani.

Namba 2: tangi dogo la kuchemshia, lita 15 mpaka 30. Watu wanaliona la kizamani, lakini kama waya za nyumba ni za zamani na huna mpango wa kuvuta mpya, hili ndo linakufaa, sababu linakula kilowati 1.5 au 2 tu, linachemsha taratibu na kuhifadhi. La lita 30 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 linatumia kama uniti 1.4, na kwa koili ya kilowati 1.5 unasubiri karibu saa nzima. Ukishaoga wa kwanza na wa pili, wa tatu asubiri. Lazima liwe na valvu ya usalama ya kuachia presha na bomba lake lisizibwe kwa hali yoyote, likidondosha matone wakati linachemka hiyo ni kazi yake, usiende kuweka plagi hapo ati linavuja! Mengi ndani yana fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka, ikiisha inabadilishwa.

Namba 3: ile ya juu, yaani shawa yenyewe ndo hita, yenye koili iliyofunikwa. Hii ya kichwani wanaitumia sana Brazili na imesambaa kweli. Nafuu, rahisi kufunga, koili inabadilishwa bila kununua shawa nzima. Neno la kutafuta hapa ni iliyofunikwa, kwamba waya wa moto uko ndani ya bomba la chuma na maji hayaugusi.

Namba 4: hiyohiyo lakini koili iko wazi, maji yanapita juu ya waya wenye umeme. Ndo za bei rahisi kuliko zote na ndo zimejaa. Kwa maji safi yasiyo na chumvi, waya wa ethi (ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini) ukiwa umefungwa sawasawa, zinafanya kazi na watu wanaoga miaka. Lakini kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi achana nayo, maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, koili inaliwa haraka, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) inakata kila saa, na kama ethi haipo ndo vile vijishoti unavyovisikia ukigusa koki. Hivyo vijishoti siyo vya kuzoea. Kuna watengenezaji wanauza aina maalum ya maji ya chumvi, uliza, na isomwe kwenye boksi siyo kwa mdomo wa muuzaji.

Nje ya mpangilio kuna zile zenye pampu ndani. Hizi ni za mtu ambaye tangi lake la kuhifadhia maji liko chini. Kila mita 1 ya kimo kutoka maji yalipo mpaka shawa inakupa presha ya ba 0.1 (ba ni kipimo cha presha), kwahiyo tangi likiwa mita 2 juu ya shawa una 0.2, wakati shawa nyingine hazishtuki mpaka zipate 0.5 au zaidi. Unafungua, maji yanatoka, koili haiwaki, unadhani mbovu. Soma presha ya chini kabisa kwenye boksi, na kama tangi linaweza kupandishwa pandisha tu, unapunguza kitu kimoja cha kuharibika.

Kwenye kufunga ndo nataka tukae kidogo, maana shawa nzuri na waya mbaya ni moto ndani ya nyumba. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni karibu ampea 24. Soketi ya kawaida ya plagi ya ampea 13 haiwezi, usikubali fundi akuwekee plagi. Vuta waya wa peke yake kutoka kwenye breka mpaka shawa bila kuunga na taa wala soketi. Kwa 5.5 wengine wanaweka waya wa milimita za mraba 4 kama ni karibu, mi nasema weka 6 na breka ya ampea 32, na kwa 7.5 nenda 10 na breka ya 40, ila fundi aangalie umbali na waya umepita wapi. Weka swichi inayokata waya zote mbili, nje ya bafu. Na RCD ya miliampea 30, ambayo haichukui nafasi ya ethi, vyote viwili viwepo.

Ule waya wa kijani na njano, ndo ethi yenyewe, fundi akiukunja pembeni au kuukata akisema "huu hauna kazi", mshukuru, mlipe nauli, tafuta mwingine. Maungio pia: kwenye zile za juu usikubali kusokota waya na kuzungusha tepu wala vile viunganishi vya plastiki vinavyoyeyuka, iwe kiunganishi cha kauri kilichokazwa.

Upande wa bomba, valvu iwe kabla ya shawa, kamwe isiwe baada, na kama maji yako yana mchanga weka chujio. Siku ya kwanza fungua maji kwa dakika moja hivi umeme ukiwa umezimwa, chumba cha koili kijae, ndo uwashe. Koili ikiwaka kavu hata sekunde chache inakwenda, na garanti nyingi haziligusi hilo. Zile za juu zenye kitufe cha joto, zima maji kabla ya kukisogeza. Matundu yakiziba yaondoe uchafu, maana maji yakipita kidogo joto linapanda mno na koili inaumia.

Gharama ya kuoga? Dakika 10 za kilowati 5.5 ni kama uniti 0.9. Zidisha na watu wa nyumbani kwako, na yule mmoja anayeimba bafuni mhesabie mara mbili.