Tenda ya gesi ya oveni zetu Kariobangi: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Asubuhi za Julai hapa Nairobi, mtungi wa kilo 50 ukivutwa gesi kwa kasi huanza kutoa jasho, halafu ukungu mweupe, halafu barafu kabisa ubavuni. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ni lazima ichemke ndipo ifike kwenye kichomeo cha oveni. Joto la kuichemsha hutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Kukiwa na baridi, joto hilo halitoshi. Moto unalegea, mkate unatoka na ganda jeupe, na fundi wetu wa oveni, ambaye sote tunamwita Mzee, anaacha kazi yake kwenda kumwagia mitungi maji ya vuguvugu. Kisha mtungi unahesabiwa kuwa umeisha, unarudishwa, na mwingine unaletwa.

Siku moja Mzee aliuburuta mtungi "ulioisha" hadi kwenye mizani yetu ya unga. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ndani mlikuwa na kilo 6 za gesi. Tukapima mingine iliyokuwa ikisubiri lori: 4, 5, 7. Tulikuwa tukitumia mitungi 28 kwa mwezi. Kila mwezi tulimrudishia msambazaji karibu kilo 140 za gesi tuliyokwisha kuilipia, na kwa miaka tisa hatukuwa tumejua.

Sikumlaumu yeye kwa barafu. Lakini usiku ule nilifungua faili ya invoisi nikaona jambo jingine. Bei ya kila mabadiliko ilikuja kwa ujumbe wa simu, mstari mmoja, na sisi tulijibu "sawa". Petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangaziwa bei ya juu na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi. Gesi haimo katika tangazo hilo, kwa hiyo mwenye biashara ndiye anayejipigania bei. Mdogo wangu, ambaye ndiye mhasibu wetu, aliniambia, "Dada, hema la harusi tuliuliza bei kwa watu watano. Gesi tunayochoma kila siku tumemuuliza nani?"

Ndipo tukaamua kutangaza tenda. Ninaandika haya kwa sababu wenzangu wa mikate, wa hoteli ndogo na wa dobi wamekuwa wakiniuliza kama ilifaa. Ilifaa, na ningeirudia kesho. Nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua nitaieleza.

Tulitafuta mshauri kwanza. Wawili walikuwa tayari kufanya kazi bure, na nilipouliza watalipwa na nani, jibu likawa msambazaji atakayeshinda, kiasi fulani kwa kila kilo tutakayonunua. Hilo nililikataa. Mtu anayelipwa kwa kila kilo hana sababu ya kutamani nitumie kidogo, na malipo yake yatarudi kwangu ndani ya bei. Tulimchukua mhandisi wa tatu, aliyetoza ada moja isiyobadilika na akatia sahihi kwamba hatapokea chochote kwa mzabuni yeyote. Ada ile iliniuma siku ya kuilipa.

Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa karatasi mbili tu. Karatasi ya kwanza ilieleza sisi ni nani katika lugha ya gesi: kilo tulizonunua kila mwezi kwa miezi 12, saa ambazo oveni huwaka, oveni ngapi huwaka kwa pamoja saa tisa usiku, ukubwa wa uwanja wa nyuma, upana wa lango. Ya pili ilieleza jinsi ya kujibu. Bei iandikwe kwa kilo, kodi iwe mstari wake, tangi ni la nani, nani analihudumia, mkataba ni wa miaka mingapi, tukitaka kutoka tunatoka vipi, gesi ikipungua lori linafika baada ya saa ngapi.

Hilo la kilo nililiona dogo mpaka bei zilipofika. Mzabuni mmoja alijibu kwa lita, na bei yake ilionekana kama zawadi. Lita moja ya gesi ya kupikia ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Ukiigeuza iwe kilo, zawadi inatoweka.

Tulialika wasambazaji saba. Na ndiyo, tulimwalika yule wetu wa zamani. Alinipigia simu saa hiyohiyo alipopata barua. "Mama, nimekukosea nini?" Nilimwambia hajanikosea, kwamba ninataka aniandikie bei kwenye karatasi kama wenzake. Alinyamaza kwa muda, na mimi nilijisikia vibaya, maana huyu ni mtu aliyetukopesha mitungi kwa wiki mbili mbili tulipokuwa hatuna kitu. Ila alipoleta bahasha yake, bei ilikuwa chini kwa shilingi 9 kwa kilo kuliko ile niliyokuwa nimemlipa wiki iliyotangulia. Gesi ileile, mteja yuleyule.

Mhandisi alisisitiza bahasha mbili kwa kila mzabuni, moja ya vyeti na maelezo ya kazi, nyingine ya bei, na ya bei isifunguliwe kabla ya ile ya kwanza kukaguliwa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hutubana sisi watu binafsi kwa lolote? Hapana, ni ya serikali, lakini desturi hii ni nzuri na tuliiazima. Nina sababu yangu ya kuishikilia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilisema maombi ya kibali cha kituo kile yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Embakasi si mbali na kwetu, na baadhi ya vijana wetu wa zamu ya usiku hulala huko. Kwa hiyo tulidai leseni ya kuhifadhi na kusafirisha gesi, cheti cha ukaguzi wa tangi, na ruhusa ya kutembelea yadi yao. Walijibu watano. Mmoja hakuweza kutuonyesha leseni, akasema inakuja. Bahasha yake ya bei tulimrudishia ikiwa bado imefungwa. Sijui aliandika bei gani, na sijutii kutojua.

Zikabaki nne. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo nivumilieni.

Bei ya chini kabisa ilikuwa ya kuvutia kweli. Tangi lingewekwa bure, bei haibadiliki kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, "kulingana na soko". Mkataba ulikuwa wa miaka 7. Tangi ni lao, gesi ya mwingine hairuhusiwi kuingia ndani yake, na tukiondoka mapema gharama ya kuling'oa ni yetu. Halafu kulikuwa na kiwango cha chini cha kilo kwa mwezi ambacho tungelipia hata tusipokitumia. Sisi tunaoka mikate ya shule. Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, oveni moja hupumzika. Kifungu hicho kimoja kingetulipisha gesi ambayo haijawahi kutoka kwenye lori.

Bei ya pili kutoka chini haikuwa nambari moja, ilikuwa kanuni. Gesi yetu nyingi huja kwa meli hadi Mombasa, na bei yake ya ununuzi hufuata bei ambayo Saudi Aramco hutangaza kila mwezi kwa dola kwa tani, propani peke yake na butani peke yake. Mzabuni huyu aliandika: bei hiyo ya mwezi, kwa kiwango cha dola cha Benki Kuu siku ya kuleta mzigo, ukijumlisha kiasi maalumu cha shilingi kwa kilo kwa ajili ya usafiri, tangi na faida yake. Kiasi hicho hakibadiliki kwa miaka 2. Kutoka ni notisi ya siku 60.

Mdogo wangu hakuipenda. Alitaka nambari anayoweza kuiweka kwenye bajeti. Mhandisi akatuambia tuache kubishana, tuchukue miezi 12 iliyopita, tuzipitishe bei zote nne juu ya kilo zetu halisi za kila mwezi, likizo za shule zikiwemo, tuone nani angetutoza nini mwaka mzima. Ilituchukua Jumamosi moja na kikokotoo. Ile ya chini kabisa iliangukia nafasi ya tatu. Ile ya kanuni ikawa ya kwanza. Msambazaji wetu wa zamani alikuwa wa pili kwa bei, lakini alikuwa na mitungi tu, hana lori la kujaza tangi, na barafu ya Julai ingebaki palepale.

Kuhama kwenyewe kulichukua karibu miezi mitatu, nasi tulikuwa tumepanga wiki tatu. Kosa kubwa lilikuwa letu: mchoro wa kiwanja tuliowasilisha ulionyesha ukuta ambao tulishaubomoa, na umbali kati ya tangi na majengo ni jambo ambalo hakuna mkaguzi atakayelifumbia macho. Tukachora upya. Kulikuwa na kibali cha zimamoto cha kaunti, karatasi za NEMA, mamlaka ya mazingira, na ukaguzi wa tangi kama chombo cha shinikizo. Muda huo wote oveni zilikula mitungi ya yule wa zamani, naye aliendelea kuleta bila kinyongo. Kama ningemkatia simu kwa ujeuri siku ile, tungefunga.

Sasa miezi 14 imepita. Tangi la tani 2 liko nyuma, linajazwa hadi asilimia 85 na si zaidi, kwa sababu gesi hutanuka jua likiwaka. Moto haulegei. Tunanunua kama kilo 1,250 kwa mwezi pale tulipokuwa tukinunua 1,400, na mikate haijapungua. Mzee hamwagii chochote maji. Kuna miezi miwili bei ilipanda, na nilipanda nayo, lakini nilijua kwa nini kabla invoisi haijafika, na niliweza kuipiga hesabu mwenyewe.

Nyota iliyokosekana ni hii. Mwezi wa tano, wakati wa mvua, geji ilifika asilimia 30 tukaagiza. Mkataba unasema saa 48. Lori lilikuja siku ya nne, geji ikiwa 18, baada ya sisi kufuta zamu nzima ya usiku kwa hofu ya kuishiwa katikati ya mkate. Faini imo katika mkataba, lakini ilinibidi niandike barua tatu ndipo wakaikata. Pia, mara mbili za mwanzo dereva alitaka tusaini mzigo kwa kusoma geji ya tangi. Geji hiyo ni ya kukadiria. Tulikataa, na sasa hatusaini bila karatasi ya mita ya lori, na mara mojamoja tunadai tiketi ya mizani ya barabarani kabla na baada ya kujaza.

Wengi huniuliza, na stima je, inaweza kutangaziwa tenda? Uingereza mwenye duka huchagua kampuni ya kumuuzia umeme kupitia nyaya zilezile. Kwetu Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa wauzaji wengine, lakini pale kiwandani kwetu stima bado ni ya Kenya Power na bado tunaitegemea kwa mashine za kukandia. Tunachoweza kushindanisha ni sola ya paani, ambayo kwa matumizi yako mwenyewe chini ya megawati 1 haihitaji leseni ya kuzalisha, ilimradi fundi awe na leseni ya EPRA. Tumeanza kuandika karatasi mbili za hiyo pia. Karatasi ya kwanza tayari imetuonyesha kwamba mashine zetu huzunguka zaidi usiku, jua likiwa halipo, na pengine hatutaendelea.

Mkataba wa gesi unaisha mwakani na notisi ya siku 60 nimeshaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Msambazaji wa zamani amenunua hisa katika lori la kujaza matangi na ameomba barua ya mwaliko mapema. Ataipata siku moja na wenzake. Nimebadilisha vifungu viwili: tangi tutalinunua wenyewe, ili atakayefuata asihitaji kuling'oa, na faini ya kuchelewa itakatwa kwenye invoisi inayofuata bila barua yoyote kutoka kwangu.