Kivutio cha nzi wa matunda: inusa pakiti kabla ya kulipa

Matunda yakianza kuiva tu, wasomaji huniletea lalamiko lile lile: mtego umetundikwa, kivutio kimo ndani, nzi hawaingii. Wengi huamini wameuziwa feki. Mara nyingi kivutio ni halisi kabisa, ila harufu yake iliishia dukani.

Habari za rangi ya mtego na ukubwa wa matundu utazipata kwingine. Mimi nataka ushike pakiti ya foili, uiminye taratibu, uinuse kwenye mshono. Ukisikia harufu, irudishe. Vivutio hivi hufanya kazi kwa kupaa hewani, na tundu la sindano linatosha kuviachia vipae usiku na mchana kwenye rafu yenye joto. Kyulua, kivutio cha nzi wa matikiti, huumia mara mbili, maana unyevu nao huivunja ikawa kemikali nyingine isiyopaa kwa urahisi. Na bado kuna wauzaji wanaotoboa pakiti kwa pini za stepla ili waitundike ukutani!

Namba moja kwangu ni BioLure ya kampuni ya Suterra, na sifichi kwamba naipendelea. Ina amonia asetati, putresini na trimethilamini, harufu zinazomwambia nzi kuna chakula, kwa hiyo inavuta majike, na majike ndio wanaotoboa tunda na kutaga. Hudumu wiki 6 hadi 10. Nguvu yake hasa ni kwa Ceratitis capitata, nzi wa Mediterania. Kama anayekusumbua ni Bactrocera, kundi jingine la nzi wa matunda, usiinunue kwa sababu ya mapenzi yangu.

Ya pili ni methili yujenoli, ile yenye herufi ME. Madume wa Bactrocera dorsalis huifuata kama wamerogwa. Mwaka 1965 nzi huyo alimalizwa katika kisiwa cha Rota, Pasifiki, kwa ME iliyochanganywa na sumu. Lakini kule ilisambazwa kisiwa kizima. Mitego yako miwili mitatu itakuonyesha kwamba nzi wamefika, basi, kwa sababu dume mmoja aliyesalia hupanda majike wengi.

Trimedlua, TML, ni ya madume wa Ceratitis. Chukua ya kidonge cha plastiki, inayokaa wiki 4 hadi 10. Ya maji kwenye pamba hukata ndani ya wiki 1 hadi 4. Kyulua nunua tu kama unalima matikiti, matango au maboga na nzi wa matikiti amekuingilia.

Vimiminika vya hamira na protini ni rahisi, huvuta jike na dume, na baada ya wiki 1 au 2 unabadilisha huku umeziba pua.

Wanaonichefua zaidi ni wanaomimina kutoka dumu kubwa kwenda vichupa visivyo na lebo, kisha wakaandika kwa kalamu "nzi wote". Hakuna kitu kama hicho. Nzi wa matikiti haijali ME, na dorsalis haijali kyulua. Halafu mtego wanakuuzia kwa bei ya kutupa, vidonge vya kubadilishia ndipo wanapokukamua. Uliza jina la kemikali na tarehe ya kufungashwa. Akikujibu "zote ni zile zile tu", muachie kichupa chake.