Mass Effect Legendary Edition: nimeimaliza kwa sauti ya kiume, kisha kwa ya kike

Mara ya kwanza sikufikiri hata kidogo. Gemu iliniuliza Shepard awe mwanamume au mwanamke, nikabonyeza mwanamume kwa kuwa mimi ni mwanamume, nikaendelea. Laiti mtu angeniambia nisikilize kwanza.

Kwa asiyeijua, hizi ni gemu tatu za BioWare, kampuni ya Kanada, za miaka ya 2007, 2010 na 2012, zikaboreshwa na kutolewa pamoja mwaka 2021. Unamwongoza Kamanda Shepard, na kila anachosema kimerekodiwa na mwigizaji: Mark Meer kwa sauti ya kiume, Jennifer Hale kwa ya kike. Maneno waliyopewa wawili hao ni karibu yale yale, na wahusika wengine humwita "Shepard" au "Kamanda" tu, ili rekodi zao zifae popote.

Hapo ndipo palinivutia. Nilikuwa nikimsimulia mdogo wangu wa kike kisa hiki kila jioni, Shepard akakataa, Shepard akamwokoa, na tulikuwa tumeshafika gemu ya pili alipouliza: "Kwani kaka, huyu Shepard ni mwanamume au mwanamke?" Kiswahili changu hakikuwa kimemwambia, na kisa kilikwenda vizuri tu. Nikaona basi nianze upya na Hale, nijue sauti peke yake inabadilisha nini.

Inabadilisha mengi kuliko nilivyotarajia. Meer katika gemu ya kwanza anasema kama askari anayesoma amri: sauti nzito, iliyonyooka, haipandi wala haishuki. Pale kwenye sayari ya Virmire, Wrex, mpiganaji wa kikosi cha Shepard, anapokasirika na bunduki zinatolewa, Shepard wake anamtuliza kwa cheo. Hale anasema maneno hayo hayo na unamsikia mtu anayeogopa kumpoteza rafiki. Nilivua hedifoni nikakaa kimya kidogo. Ukichagua majibu ya ukali, Hale hapandishi sauti. Anaishusha, na hilo linatisha zaidi.

Lakini nisimwonee Meer. Kufikia gemu ya tatu amekuwa mwigizaji mwingine kabisa, na uchovu wa vita unausikia katika kila pumzi. Alipoagana na Mordin, mwanasayansi mwenzake, kule kwenye sayari ya Tuchanka, nilimwamini kuliko nilivyomwamini Hale. (Meer huyo huyo ndiye sauti ya vorcha na hanar, viumbe wa sayari nyingine, jambo nililoligundua nikiwa nimeshamaliza.) Kwa hiyo anayesema sauti ya kiume ni mbovu, ameishia gemu ya kwanza.

Mapenzi nayo yanategemea uamuzi huu. Katika kikosi chake, Tali hampendi ila Shepard mwanamume. Garrus hampendi ila mwanamke. Kwa Meer, Garrus alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana, na lile pambano lao la kulenga shabaha juu ya Citadel, kile kituo kikubwa cha angani, lilikuwa utani wa maswahiba. Kwa Hale, maongezi yao yakawa na aibu na kusitasita, na wakifika kucheza tango nilijikuta natabasamu peke yangu. Sijutii hata njia moja, ila ya pili ndiyo inayonirudia kichwani.

Kasoro: hakuna manukuu ya Kiswahili, na Kiingereza chake kina msamiati mwingi wa kijeshi na wa sayansi. Pia uamuzi wako wa mwanzo unakufuata ukihamisha sevu (faili la ulipofikia) kutoka gemu moja hadi nyingine, kwa hiyo ukikosea unaishi nao saa nyingi sana. Ushauri wangu ni huu: cheza Eden Prime, sehemu ya kwanza ya gemu ya kwanza, mara mbili, kila sauti mara moja, na ufumbe macho wakati wa mazungumzo. Usiangalie sura wala jinsia yako wewe. Utakayetaka kumsikiliza tena, anza naye.

Mdogo wangu sasa ana sevu yake, na amemchagua Hale. Jana alifika Virmire, akasimamisha gemu kabla ya kumjibu Wrex, akaniomba nitoke chumbani.