Kliniki ya vijana: maabara nyota 5, dirisha la mapokezi nyota 1

Jina la kliniki sitaji, na msinifuate pembeni kuniuliza. Nesi wa pale kanihudumia vizuri mpaka nikashangaa, na kuna mahali ukimsifia mtu kwa wema kama huu unakuwa umemchongea, alafu na sisi tunaoingia pale wengine nyumbani hawajui tunaenda wapi. Kwa hiyo chukueni hii kama rivyu ya huduma yenyewe, mkienda kwenu mjue cha kuangalia.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 23, nimekuwa na wanaume na kuna kipindi nilikuwa na msichana, jina la kujiita sina na wala silitafuti. Nilienda kupima tu, siumwi popote.

Tuanze mlangoni maana ndo wengi wanapogeukia. Kuna bango kubwa limeandikwa huduma rafiki kwa vijana, sawa, lakini dirisha la mapokezi na viti vya kusubiria vimepishana hatua tatu hivi, na dada wa pale ana sauti ya kuitia watu sokoni. "Kaka, umekuja kwa shida gani?" Watu kama kumi wamenyamaza wanasubiri jibu langu. Nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinaniuma jamani. Akanipa fomu, nimeoa, sijaoa, mjane, mtalaka, basi, ulimwengu wote umeisha hapo, na sehemu ya mwenza imeshaandikwa "jina la mke" kabisa. Yaani sijamuona hata muhudumu wa afya mmoja na tayari nina uongo miwili kwenye faili.

Na uongo wa mapokezi unasafiri, hilo nimelijua kwa gharama ya mwili wangu. Mwaka jana nilienda sehemu nyingine kabisa, daktari mzee mpole, hana neno baya hata moja, akaniuliza "kijana una mpenzi?" nikasema ndiyo, "mnatumia uzazi wa mpango gani?" nikajikuta nasema sindano. Sindano! Sasa ningesema nini, kashaniandalia jibu. Akaandika, akaniambia nikatoe mkojo, majibu yakatoka safi, nikaondoka kifua mbele. Kumbe mkojo unaonyesha kilichopo kwenye njia ya mkojo tu. Klamidia na kisonono vinaweza kukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa bila maumivu, bila usaha, bila chochote, na ukipima mkojo peke yake havionekani. Kwa hiyo yule mzee hakunitukana wala hakunifukuza, alinipa cheti cha uzima cha mtu mwingine, yule mwenye mpenzi wa sindano.

Sasa turudi kwenye hii kliniki, chumba namba mbili. Nesi alisimama akafunga mlango kwanza, akavuta na pazia, ndo akakaa. Akasema "mdogo wangu, maswali haya namuuliza kila anayekaa hicho kiti, usione nimekuangalia nikakuchagua." Kisha akaniambia kitakachoandikwa kwenye faili ni nini na nani anaweza kulisoma, na kama kuna kitu sitaki kiandikwe nimwambie kabla ya kusema. Hili kwangu lilikuwa kubwa kuliko tabasamu lote. Zipo nchi zaidi ya 60 ambako sheria inaadhibu watu wa jinsia moja kulala pamoja, mtu wa huko ukimpa fomu unampa hati ya mashtaka ajijazie mwenyewe, utamlaumu vipi akisema kichwa kinauma.

Alafu likaja swali: "umelala na wanaume, wanawake, au wote? Na ilihusisha mdomo, mbele, au nyuma? Nataka kujua nichukue sampuli wapi." Hivyo tu, kwa sauti ileile anayoulizia kama una aleji ya dawa. Nilikaa kimya kama nusu dakika, nilikuwa nimejiandaa kujitetea na hakuna aliyenishtaki. Hakuniuliza mimi ni nani, na hapo kawaokoa wengi, kuna vijana kibao wamefanya mara moja au mbili na ukiwaita kwa jina lolote lile wanainuka wanaondoka, wakati bakteria hasubiri mtu ajikubali kwanza.

Sampuli nilichukua mwenyewe. Unapewa kijiti cha pamba na karatasi ya michoro unaingia chooni unajifanyia, cha koo tu ndo alinichukulia yeye. Wenye aibu mnasikia? Hakuna wa kukuinamisha. Damu wakatoa ya VVU, kaswende na homa ya ini B, na kwa kuwa sikuwahi kuchanjwa homa ya ini nikapigwa dozi ya kwanza palepale, zipo tatu, zinaenda mpaka kama miezi sita. Kaswende akanifafanulia kidogo, kidonda chake hakiumi na kinapona chenyewe, mtu anadhani ameshapona kumbe ugonjwa umehamia ndani. Na kwenye VVU akaniambia kitu ambacho kwingine kote sijawahi kuambiwa, kwamba kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kukosa maambukizi ya karibuni, mpaka siku 90 zipite ndo unalala usingizi.

Majibu yalikuja kwa meseji, "majibu yako yapo tayari, karibu", haijataja ugonjwa, haijataja hata kliniki. Safi sana. Nikarudi. VVU hakuna, kaswende hakuna, mkojo safi, koo safi. Njia ya haja kubwa: klamidia. Ningepima mkojo peke yake kama mwaka jana ningeondoka tena kifua mbele. Dawa vidonge vya siku 7, na akaniomba wale niliokuwa nao karibuni wajue, nikiona siwezi kuwaambia wao wanaweza kutuma ujumbe usiotaja jina langu. Nilichagua kutuma mwenyewe, mmoja kaniblock, ndo maisha.

Nyota 5 kwa nesi na maabara, sina mjadala.

Ila sasa mshauri nasaha. Jamani. Nilisema nalala vibaya, nina stresi, maana kuishi umejibana kunachosha, akakaa vizuri akasema "ni umri huu, tafuta binti mzuri, omba Mungu, itapita." Kwa upole kabisa, sijui kwa nini maneno mabaya siku hizi yanakuja kwa upole. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, mimi sijazaliwa. Nimekuja na tatizo la usingizi nikatibiwa kitu ambacho si ugonjwa, na usingizi wenyewe hakuugusa. Nikamwambia asante, nikatoka. Nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu kiti kilikuwa kizuri.

Rafiki yangu wa kike nilienda naye siku ya majibu, yeye amekuwa na wanawake tu. Dada wa mapokezi alivyotuona alifurahi jamani, akatukalisha pamoja akatupa kipeperushi cha uzazi wa mpango, tulicheka mpaka machozi. Lakini stori yake haichekeshi, kwingine aliuliza kuhusu kipimo cha shingo ya kizazi akajibiwa kama hujalala na mwanaume huna haja. Nesi wetu alikunja uso. Kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, kinapita kwa kugusana ngozi, na vidole, na vifaa, hakiulizi aliyekugusa ana jinsia gani, kwa hiyo umri wa kupimwa ukifika anapimwa kama mwanamke mwingine yeyote. Mara nyingi tunaongelea wavulana na VVU basi, wasichana wa hivi wanapotea katikati, hakuna bango lao, hakuna swali lao.

PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya tukio, wanayo. Kidonge kimoja kwa siku, wanapima VVU na figo kwanza, unarudi kila miezi mitatu, ukimeza bila kuruka inazuia VVU kupitia ngono kwa karibu asilimia 99. Klamidia haizuii wala kaswende, kondomu na vilainishi viko kikapuni unachota mwenyewe bila kuomba. Tatizo ni kopo. Wanaobuni haya makopo hawajawahi kuishi chumba kimoja na ndugu watatu. Linafanana na la ARV, na ukitembea nalo kwenye begi vidonge vinalia kayamba, mtu akilikuta nyumbani hakuna maelezo yatakayokuokoa. Nesi akanipa pamba nijaze juu vinyamaze. Nikauliza ile sindano ya kuzuia VVU ya lenacapavir ya kila miezi sita, ambayo WHO waliipendekeza Julai 2025, akasema hawana bado. Ikifika nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, sindano haina kopo.

Kinachoniudhi zaidi ya mshauri ni saa za kazi. Wanafunga Ijumaa mchana mpaka Jumatatu. PEP, zile dawa za dharura baada ya tukio, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndo bora, alafu unameza siku 28. Sasa mtu kapatwa na jambo Ijumaa usiku, Jumatatu anafika kashapoteza masaa karibu yote, na bado hapo dirishani ataulizwa kwa sauti shida yake nini. Ukisema ni kliniki ya vijana fungua muda ambao vijana wana matatizo bwana.

Na kuna kijana mmoja nilimuona, mdogo kuliko mimi, aliambiwa arudi na mzazi. Alisimama kidogo, akaangalia bango, akaondoka. Sijui alikuja kwa lipi. Angalau wangemkalisha wamsikilize kabla ya kumtuma nyumbani.

Kwa mtakaoenda sehemu kama hii, dirishani semeni "nimekuja chumba namba mbili" au namba yoyote ya nesi, msiingie kwenye maelezo, mimi safari ya pili ilinifaa. Nendeni asubuhi mapema viti vikiwa vitupu. Mkiambiwa mkojo unatosha ulizeni koo na nyuma vipi, na kama mdomo unakuwa mzito andikeni kwenye simu mumuonyeshe, nesi alisema wengi wanafanya hivyo.

Kwenye sanduku la maoni nimeandika wahamishe viti vikae mbali na dirisha, na wafute hilo neno "mke" kwenye fomu. Dozi yangu ya pili ya homa ya ini ni mwezi ujao, nikikuta viti viko palepale nitashusha nyota nyingine.