Mkono mwepesi, mdomo mzito: kulazwa kwangu hospitali moja ya Tanga

Jina la hospitali silitaji. Naipa nyota tatu, na ningeandika nikiwa bado kitandani ningeipa moja.

Nilipasuliwa tezi dume. Shuka safi, vyandarua vizima, maji hayakukatika, na daktari aliyenipasua ana mkono mwepesi, sina neno. Shida mdomo wake. Jioni ya siku ya pili alipita wodini, akakuta faili langu halina karatasi ya vipimo vya damu. Muuguzi ndiyo kwanza ameingia zamu ya usiku, mama mtu mzima anayeweza kumzaa daktari huyo. Akafokewa mbele ya wagonjwa wanane: "Wewe unalipwa kwa kazi gani?" Faili likarushwa kitandani, likanipiga mguuni. Kumbe karatasi ilikuwa bado maabara.

Mie nimefanya kazi bandarini miaka ishirini na saba, enzi za matishari, meli zikitia nanga mbali. Kelele si ngeni kwangu. Tulikuwa tukitukanana hadi saa sita, kisha tunakula sahani moja. Ila penye winchi palikuwa na sheria: anayeona mzigo umekaa vibaya, hata awe kibarua wa siku ya kwanza, anainua mkono na kazi inasimama. Haulizwi yeye nani.

Saa nane usiku mpira wangu wa mkojo ukaziba kwa damu iliyoganda. Tumbo likakaza kama ngoma. Yule mama akasukuma maji kwa bomba la sindano, mara ya kwanza, ya pili, wapi. Nikamwambia, "Dada, mpigie daktari." Akasema, "Mzee wangu, tusubiri kidogo." Nikawa namwona pale mezani, simu mkononi, anaiwasha, anaizima. Alipiga saa kumi na moja alfajiri. Daktari akaja, dakika kumi kazi imekwisha, akauliza, "Mbona hamkunipigia mapema?" Hakuna aliyemjibu.

Binti yangu ni muuguzi Korogwe. Nilipomsimulia hakushangaa. Akanieleza kuwa Marekani, Joint Commission, shirika linalokagua hospitali, lilitoa onyo Julai 2008 kwamba ubabe wa namna hii unazaa makosa ya tiba na kuwakimbiza wafanyakazi. Tena si kufoka tu: kukataa kujibu swali, kutorudisha simu na kujibu kwa dharau vimo vilevile. Kuanzia Januari 2009 likazitaka hospitali ziwe na kanuni za tabia za kumhusu kila mtu, hata bingwa. Nikasema basi, hilo si suala la malezi peke yake.

Nikaandika barua. Sikuitia kwenye sanduku la maoni, kufuli lake limeota kutu. Nikampa matroni mkononi. Sikuomba kijana afukuzwe. Nani atatupasua?

Nimerudi juzi kliniki, miezi minne baadaye. Ukutani wodini pamebandikwa karatasi: muuguzi akipiga simu ataje jina lake, kitanda, anachokiona na anachotaka; asipopokewa mara mbili, ampigie mganga mfawidhi, saa yoyote. Nilimsikia binti mmoja akiongea hivyo hivyo na simu, sauti haitetemeki. Yule daktari naye nikamkuta koridoni akimwambia mhudumu wa usafi, "Shikamoo mama." Wenzake wanasema aliitwa ofisini mara mbili. Mie hakuniomba radhi, nami sikumdai.

Nyota mbili nimezizuia. Moja ya mapokezi, ambako bado unaulizwa ugonjwa wako kwa sauti ya mnadani, na tezi dume si habari ya kutangaziwa foleni nzima. (Chai ya kantini nzuri, maandazi ya jana.)

Nyingine ni ya yule mama. Nilimchukulia machungwa ya Muheza, nusu kiroba. Nikaambiwa aliacha kazi mwezi uleule niliotoka, kabla karatasi haijabandikwa. Machungwa nikawaachia wa zamu.